Kituo Bora cha Watoto Hutambuliwaje?



Mmetuomba tuzungumze juu ya vituo vya kulelea watoto na madarasa ya awali. Katika mji huu wa dhahabu, mama huondoka alfajiri kwenda mwaloni au sokoni, na baba yuko mgodini kwa zamu; mtoto wa miaka mitatu hana budi kukabidhiwa kwa mtu. Tutajuaje kwamba alikopelekwa ni pema?

Wazazi wengi hupima kwa daftari: likijaa herufi, wameridhika. Wengine hupima kwa sare na Kiingereza. Kwa maoni yetu vipimo hivyo ni hafifu. Mtoto wa miaka minne anayenakili ubaoni asubuhi nzima hujifunza kunyamaza tu.

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inataka vituo visajiliwe, na Programu Jumuishi ya Taifa iliyozinduliwa Desemba 2021 inaunganisha afya, lishe, malezi yenye mwitikio, ujifunzaji wa awali, ulinzi na usalama. Cheti ukutani ni mwanzo. Mengine huonekana kwa kuketi pembeni asubuhi moja. Hesabuni watoto: kiwango cha darasa la awali ni mwalimu mmoja kwa watoto 25, na tangu elimu bila ada ya mwaka 2016 madarasa mengi yamepita hapo. Sikilizeni: mwalimu huuliza na kungoja jibu, au huamuru tu? Mtoto aliyezoea Kisukuma au Kigujarati nyumbani hujibiwa, au huchekwa? Tazameni choo, maji ya kunawa na uji. Hapa kwetu tuongeze: je, jirani kuna karasha la mawe, au mahali pa kuchomea zebaki? Mvuke wake hudhuru ubongo unaokua, na daftari halitawaambia.

Wengi wetu tunalijua jina la Gijubhai Badheka, wakili wa Kigujarati aliyewahi kufanya kazi Afrika Mashariki, kisha akaanzisha Bal Mandir mjini Bhavnagar mwaka 1920. Huko mtoto alicheza, alisimuliwa hadithi, wala hakuchapwa. Fimbo bado ipo leo, tena hata penye ada kubwa!

Tunapendekeza wazazi wawili wawili, wa dini yoyote, watembelee kituo kimoja kila muhula kwa idhini ya mwenyewe, warudi na majibu kwa maandishi. Wenye vituo wasiogope: mlezi anayelipwa kidogo na kuachiwa watoto 40 anahitaji msaidizi kabla ya lawama, na gharama hiyo tuijadili pamoja kabla shule hazijafunguliwa Januari.