KUSAMEHE SI KUFUNIKA: Mada kwa Kamati za Parokia



Nimeombwa nizungumze juu ya ufuasi wa Kristo na msamaha katika maisha ya parokia. Nitaanzia hapa tulipo, Bagamoyo.

Jina la mji huu lina maelezo mawili ambayo wengi wetu tumeyasikia tangu utotoni. Wapo wasemao kwamba mpagazi aliyetoka bara na mzigo wa pembe alipofika hapa alibwaga mzigo, moyo ukatulia. Wapo wasemao kwamba mtumwa alipoiona bahari aliubwaga moyo wake hapa, maana alijua kwao harudi tena. Maelezo yote mawili yanahusu mzigo, na msamaha nao ni habari ya mzigo: nani ameubeba, na nani atamsaidia kuutua.

Mwaka 1868 mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu, wakiongozwa na Padre Anton Horner, walivuka kutoka Zanzibar wakaanzisha misheni hapa. Watoto na watu wazima waliokombolewa utumwani waliletwa, wakalima, wakajifunza ufundi, wakaoana, wakaunda kijiji cha Kikristo. Soko la watumwa la Zanzibar lilifungwa kwa mkataba wa Sultani Barghash mwaka 1873, yaani miaka mitano baadaye. Tusiipambe historia hiyo. Maisha ya kijijini yalikuwa ya amri nyingi na kazi ngumu, na wapo waliotoroka. Lakini tuwatazame wale waumini wa kwanza. Walitoka makabila mbalimbali, na kila mmoja alikuwa na deni ambalo hakuna mtu angeweza kumlipa: kunyang'anywa mama, kaka, kijiji na jina. Hata hivyo, Misheni ya Mhonda ilipoanzishwa mwaka 1877, familia za Kikristo kutoka Bagamoyo zilikwenda kuishi huko na kuwa mbegu ya Kanisa, zikielekea bara ileile ambako watu walikuwa wametekwa. Mwaka 2018 Kanisa liliposherehekea miaka 150 ya Uinjilishaji Tanzania Bara, tulikuwa tunawashukuru na wao.

Ndugu zangu, magomvi ya parokia zetu ni madogo kuliko hayo, lakini yanaua jumuiya. Tuseme mweka hazina wa kigango amekopa fedha za ujenzi bila idhini, akauguza mtoto nazo, akashindwa kurudisha. Mara nyingi hutokea moja kati ya mambo mawili. Ama anasemwa sokoni na kisimani mpaka familia yake inaacha kusali, ama wazee wanasema, "Yaliyopita si ndwele," na daftari linafungwa. Njia zote mbili hazimponyi mtu. Methali yenyewe haiishii hapo, inasema "tugange yajayo." Na anayeganga hawezi kukwepa kukitazama kidonda.

Injili imetupa utaratibu, nasi tunao katika Matayo sura ya 18. Kwanza, nenda kwa ndugu yako mkiwa wawili tu. Pili, asiposikia, chukua mtu mmoja au wawili. Tatu, ndipo jambo lifike kwa Kanisa. Sisi tumezoea kuanzia hatua ya tatu, tena nje ya kikao. Katika sura hiyohiyo Petro anauliza asamehe mara ngapi, na Bwana anamtolea mfano wa mtumishi aliyesamehewa deni kubwa akamkaba mwenzake kwa deni dogo. Mfuasi ni yule anayekumbuka deni lake mwenyewe.

Je, kusamehe ni kufuta hesabu? Hapana. Someni Waraka kwa Filemoni. Onesimo alikuwa mtumwa, na Paulo anamwomba bwana wake ampokee kama ndugu mpendwa. Lakini Paulo hafichi kwamba huenda kuna hasara; anasema iandikwe juu yake, naye atalipa. Zakayo vilevile, baada ya kupokelewa, alitaja mwenyewe atakachorudisha. Kwa hiyo mhasibu wa parokia anaweza kumsamehe ndugu yake asubuhi na jioni akaandika kiasi kinachodaiwa kwa wino uleule. Msamaha unamrudisha mtu mezani, na hesabu ya wazi inamlinda asianguke tena, inalinda pia senti ya mjane na mchango wa mfadhili.

Ninapendekeza mambo manne kwa kamati:

1. Kila kamati iwe na wasuluhishi wawili, mwanamke na mwanamume, wanaojulikana kwa kutunza siri.

2. Mapato na matumizi yasomwe mbele ya waumini kila robo mwaka, pakiwa na tatizo na pasipo na tatizo.

3. Aliyekosa apewe mpango wa kulipa anaoumudu, hata kwa kidogo kidogo, na asirudishiwe funguo za sanduku kabla ya wakati. Kiti chake katika jumuiya kibaki.

4. Aliyeumizwa asiharakishwe. Asikilizwe kwanza. Msamaha wa kulazimishwa mbele ya watu ni mzigo wa pili.

Kwa wafadhili wetu nasema hivi: parokia inapowaletea taarifa yenye kosa lililoelezwa na hatua zilizochukuliwa, msiione kuwa dhaifu. Huenda ndiyo iliyokomaa kuliko ile isiyokosa kamwe kwenye karatasi.

Mwisho, tunaishi na majirani Waislamu, tunakutana nao sokoni, msibani na kwenye mashua. Wanatufahamu kwa jinsi tunavyoishi sisi kwa sisi. Tukirudi vigangoni, kila mmoja amtaje moyoni ndugu mmoja, aende kwake wiki hii, wakiwa wawili tu.