TREKTA LA URITHI NA UTUNZAJI WAKE
Hotuba kwa wakulima wa Kabete, Dagoretti na Karen



Mzee akifa huacha shamba, ng'ombe, na pengine trekta kuukuu lililolala nyuma ya ghala kwa miaka mingi. Wanawe hukaa shaurini. Mmoja asema liuzwe kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Wa pili asema liwashwe leo leo. Wa tatu anyamaza. Hotuba hii ni ya huyo wa tatu.

Neno la kwanza ni sheria. Kwa Sheria ya Urithi ya Kenya, iliyoanza kutumika mwaka 1981, mtu haruhusiwi kuiuza mali ya marehemu kabla mahakama haijatoa idhini. Basi ndugu na wapatane, na hati za trekta zitafutwe na kuwekwa mahali pa salama.

Neno la pili ni kulijua trekta lenyewe. Mathalani, lile dogo la rangi ya kijivu, Ferguson TE20, lilitengenezwa huko Coventry, Uingereza, tangu 1946 hata 1956, na idadi yake ilizidi 500,000. Kwa sababu ya wingi huo, vipuri vyake vingali vikipatikana. Nambari yake imeandikwa katika kibati kilicho mbele ya dereva. Iandikwe daftarini.

Sasa kazi. Lisiwashwe siku ya kwanza. Petroli ya zamani na imwagwe yote katika dumu, mbali na moto, kisha tangi na chujio visafishwe kutu na takataka. Oili ya injini imwagwe na kutazamwa: ikiwa nyeupe kama maziwa, maji yameingia ndani, na hapo fundi aitwe. Ikiwa si hivyo, oili mpya itiwe hata ifikie alama ya kijiti cha kupimia.

Kisha plagi zitolewe, oili kidogo itiwe katika kila silinda, na injini iachwe usiku kucha. Asubuhi izungushwe polepole kwa hendeli. Ikikataa, isilazimishwe, itiwe oili tena na kungojewa. Anayelazimisha huvunja chuma ambacho subira ingalikilegeza.

Udongo mwekundu wa Kabete ni mzuri kwa kahawa, lakini vumbi lake ni adui wa injini. Chujio la hewa la trekta hili lina bakuli la oili. Lisafishwe na oili yake ibadilishwe mara kwa mara, hasa wakati wa kiangazi. Maji ya redieta yatazamwe injini ingali baridi. Grisi itiwe katika viungo vya usukani na magurudumu ya mbele. Tena ikumbukwe kwamba oili ya gia ndiyo hiyo hiyo inayoinua plau. Ikichafuka, mambo mawili huharibika pamoja.

Kipuri kikihitajika, mtu asiende mjini mikono mitupu. Na achukue kile kilichovunjika pamoja na nambari ya trekta, aende Barabara ya Kirinyaga, ambayo zamani iliitwa Grogan, akilinganishe dukani kabla ya kutoa fedha.

Neno la mwisho ni kubwa kuliko yote. Katika Ferguson hili injini huwashwa kwa mkono wa gia, ili trekta lisiwake likiwa ndani ya gia. Wako watu ambao, betri ikisumbua, husimama kando ya gurudumu na kugusisha nyaya kwa bisibisi. Trekta lililo ndani ya gia huruka mbele, na gurudumu la nyuma humpitia aliyeliwasha. Tena gogo lisifungwe juu ya ekseli ya nyuma, kwa maana trekta huinuka mbele na kumwangukia dereva kinyumenyume. Breki nazo zijaribiwe mahali tambarare, kabla ya kushuka mteremko wowote.

Kila oili iliyobadilishwa na kila kipuri kilichonunuliwa viandikwe kwa tarehe, maana mali bila daftari huisha bila habari. Siku trekta hilo litakapowarudia wajukuu, watapata chuma kinachofanya kazi, na kitabu kinachoeleza jinsi kilivyotunzwa.