Kabla ya Kutoa Amana: Mazungumzo juu ya Safari ya Kwanza ya Kuwinda Nguruwe-mwitu Texas

(Mazungumzo kwa wanajumuiya wanaozungumza Kiswahili katika jimbo la Texas)



Mmetutaka tuzungumze juu ya jambo ambalo, kwa wengi waliohamia Texas kutoka Kongo, Burundi, Tanzania, Kenya na kwingineko, huanza kwa mwaliko wa kazini. Wenzi wa zamu wanapanga kwenda kuwinda nguruwe-mwitu mwisho wa juma. Wameona tangazo la shamba lenye kiongozi, na kila mmoja atoe amana kabla ya Ijumaa. Anayealikwa hajawahi kushika bunduki, haijui sheria, wala hapendi kuonekana mwoga. Sisi hatukuja kuwashawishi mwende, wala hatukuja kuwazuia. Kazi yetu ni kumlinda mnunuzi. Safari ya kuwinda yenye kiongozi ni huduma inayonunuliwa kama huduma nyingine, ila ukiinunua bila kuuliza unaweza kupoteza zaidi ya fedha.

Tuanze na mnyama mwenyewe. Nguruwe hawa si wenyeji wa bara la Amerika. Mababu zao waliletwa na Wahispania katika karne ya 16 wakiwa mifugo, na wengine wakatoroka wakawa wa porini. Katika miaka ya 1930 waliletwa pia nguruwe-mwitu wa asili ya Ulaya kwa ajili ya wawindaji, na damu zikachanganyika. Jike huweza kushika mimba akiwa na umri wa miezi 6 hadi 8, na mimba huchukua siku 115 hivi. Kundi moja likiingia shambani usiku hufukua mimea na malisho kwa pua kama jembe. Kwa sababu hiyo sheria ya Texas haiwahurumii: huwindwa mwaka mzima, mchana na usiku, bila kikomo cha idadi.

Tangu tarehe 1 Septemba 2019, mtu aliyepewa idhini na mwenye ardhi hahitaji leseni ili kuwinda nguruwe-mwitu katika ardhi ya mtu binafsi. Katika ardhi ya umma leseni inahitajika. Matangazo mengi huinukuu sheria hiyo kwa maneno mafupi: “Leseni haihitajiki.” Maneno hayo ni ya kweli, lakini yana mitego miwili, na twawaomba mtusikilize hapa kwa makini.

Mtego wa kwanza unawahusu walioingia Marekani kwa viza ya muda, kama vile viza ya utalii au ya masomo. Sheria ya taifa zima, ambayo ni tofauti na ile ya jimbo, humkataza mtu wa namna hiyo kuwa na bunduki au risasi, isipokuwa awe katika mojawapo ya hali chache zilizotajwa. Mojawapo ya hali hizo ni kuwa na leseni halali ya kuwinda iliyotolewa na jimbo la Marekani. Basi tazameni jambo hili linavyogeuka: jimbo linasema leseni haihitajiki kwa nguruwe, lakini mwenye viza ya muda akiiacha leseni hiyo hujinyima ruhusa ambayo ingemwezesha kuishika bunduki kihalali. Wala haisaidii kusema kwamba bunduki ni ya kiongozi. Kuishika na kuitumia kwatosha kuhesabiwa kuwa unayo. Asiye na hadhi halali ya uhamiaji amekatazwa kabisa. Vivyo hivyo aliyewahi kutiwa hatiani kwa kosa kubwa la jinai, au kwa kosa la kumpiga mtu wa nyumbani mwake, hata kama kosa hilo lilihesabiwa kuwa dogo. Mkimbizi aliyepokewa rasmi na mwenye ukaazi wa kudumu hawaguswi na katazo hilo la viza, lakini makatazo mengine yanawahusu kama yanavyomhusu raia. Kwa asiye raia, hukumu ya kosa la bunduki inaweza kumfikisha kwenye kuondolewa nchini. Mwenye shaka yoyote amwone mwanasheria wa uhamiaji kabla ya kulipa chochote. Kiongozi wa uwindaji si mwanasheria.

Mtego wa pili unamhusu mnyama mwingine. Kusini na magharibi mwa Texas yuko mnyama aitwaye javelina, ambaye kwa mgeni hufanana na nguruwe. Ni mdogo kuliko nguruwe-mwitu aliyekomaa, ana ukanda wa manyoya meupe shingoni, na mkia wake hauonekani. Huyu ni mnyama anayelindwa kwa sheria ya uwindaji: ana msimu, ana kikomo, na lazima mwindaji awe na leseni. Atakayempiga kwa kumdhania kuwa nguruwe hatajitetea kwa kusema alikuwa mgeni. Msipige risasi mpaka kiongozi amtaje mnyama kwa jina lake.

Tukiwa bado katika leseni, fahamuni kwamba leseni ya kuwinda ya Texas hufuata mwaka unaoanza 1 Septemba na kuishia 31 Agosti. Anayeinunua mwezi wa Julai amenunua wiki chache tu, na safari ya Septemba itamhitaji anunue nyingine.

Sasa tuje kwenye bei. Bei iliyoandikwa kwa herufi kubwa katika tangazo aghalabu ni bei ya kuingia shambani tu. Ulizeni kila kimoja peke yake: Malazi yamo? Chakula kimo? Kukodi bunduki na risasi ni kiasi gani? Je, mnaotozwa ni kwa siku, kwa kila nguruwe, au kwa vyote viwili? Nguruwe mkubwa ana nyongeza? Kuchuna na kukatakata nyama kunalipiwa na nani? Bakshishi ya kiongozi inatarajiwa? Tutoe mfano wa hesabu tu. Mtu ameona dola 200. Akiongeza dola 75 za bunduki, dola 100 za nguruwe wa pili, dola 150 za mchinjaji na dola 50 za bakshishi, amefika dola 575. Hakuna aliyemdanganya, hakuuliza. Asiyeuliza, wahenga walisema, hanalo ajifunzalo.

Swali moja husahauliwa na karibu kila mwanagenzi: nguruwe aliyejeruhiwa akatoroka, je, anahesabiwa? Katika mashamba mengi anahesabiwa kana kwamba ameuawa, na mwindaji hulipa. Hiyo si dhuluma, maana humfanya mtu awe mwangalifu kabla ya kufyatua. Lakini yafaa lijulikane kabla ya safari, si jioni wakati wa kulipa. Ulizeni pia maana ya ahadi ya “kufanikiwa”. Wengine humaanisha kwamba utamwona nguruwe. Wengine humaanisha kwamba utapata nafasi ya kumpiga. Wachache hukubali kukurudisha siku nyingine bila malipo ukikosa kabisa.

Majibu yote hayo yaandikwe. Mali bila daftari hupotea bila habari. Hata ujumbe wa simu wenye tarehe, jina la shamba, idadi ya watu, bei na masharti ya kuahirisha ni bora kuliko maneno matamu. Ulizeni mvua kubwa ikifunga njia amana itarudishwa au itahamishiwa siku nyingine. Aidha, hakikisheni kwamba mwenye tangazo ana idhini ya mwenye ardhi. Kama shamba si lake, aonyeshe makubaliano. Kuingia katika ardhi ya mtu bila idhini yake ni kosa, na msamaha wa leseni tuliotaja umesimama juu ya idhini hiyo.

Kuhusu kulipa, tumieni kadi ya mkopo inapowezekana. Sheria ya taifa ya mwaka 1974 humpa mwenye kadi haki ya kupinga dai la huduma ambayo hakuipata, kwa barua itakayoifikia kampuni ya kadi ndani ya siku 60 tangu ilipotuma taarifa ya kwanza yenye dai hilo. Angalieni hesabu ya siku: amana iliyolipwa miezi sita kabla ya safari inaweza kupitwa na muda huo. Basi amana iwe ndogo, na salio lilipwe mkifika shambani. Anayesisitiza alipwe fedha zote mapema kwa kutumiwa kutoka simu hadi simu, au kwa kadi za zawadi, mwacheni. Fedha za namna hiyo zikishatoka ni vigumu sana kuzirudisha.

Mtakapofika mtapewa hati ya kuachia haki ya kudai fidia mkiumia. Ombeni mtumiwe siku chache kabla, ili asiyesoma Kiingereza vizuri asomewe na mtu anayemwamini. Si vyema kutia saini juu ya boneti ya gari huku wenzako wanakungoja.

Kwa safari ya kwanza, tunashauri muwinde mchana, mkiwa mmeketi kwenye kibanda cha kuvizia karibu na mahali panapomwagwa mahindi, kiongozi akiwa kando yenu. Kuwinda usiku kwa darubini za joto, kuwinda kwa mbwa, au kuwinda kutoka katika helikopta, ingawa kunaruhusiwa Texas kwa masharti yake, si mahali pa kujifunzia. Kabla ya siku hiyo, someni kozi ya usalama wa wawindaji inayosimamiwa na Idara ya Hifadhi na Wanyamapori ya Texas. Aliyezaliwa tarehe 2 Septemba 1971 au baada yake huhitaji cheti hicho kwa uwindaji wa leseni, na mwenye umri wa miaka 17 au zaidi anaweza kuisoma yote kwa intaneti. Hata pale sheria isipokulazimisha, isome. Humo utafunzwa kanuni ambazo hazina msamaha: ichukulie kila bunduki kuwa ina risasi, mtutu usielekezwe kwa mtu kamwe, kidole kikae nje ya kifyatuo mpaka umeamua kupiga, na ujue kilicho nyuma ya shabaha yako. Shamba linalokukabidhi bunduki ngeni bila kukupa nafasi ya kuijaribu kwenye shabaha ya karatasi halikujali wewe wala mnyama.

Ulizeni pia mahali pa kulenga. Moyo na mapafu ya nguruwe hukaa chini na mbele, nyuma tu ya mguu wa mbele. Anayelenga juu humjeruhi, na dume aliyejeruhiwa, mwenye pembe zake za mdomoni, si mnyama wa kufuatwa kichakani na mwanagenzi. Hiyo ni kazi ya kiongozi.

Mwisho ni nyama, na hapa afya ya nyumba nzima imo hatarini. Nguruwe-mwitu huweza kubeba vijidudu vya brusela, ambavyo humwingia mtu kupitia mkwaruzo mdogo mkononi au matone ya damu machoni. Vaeni glavu na miwani mnapochuna, kisha mwoshe mikono kwa sabuni na maji ya moto. Msiwape mbwa nyama mbichi wala matumbo. Texas ni nchi ya joto. Nendeni na kasha kubwa la barafu, na nyama ipozwe mara moja. Ipikwe mpaka ndani kabisa ifike nyuzi 71 za Selsiasi, na ipimwe kwa kipimajoto cha jikoni. Kuikausha, kuitia chumvi, kuifukiza moshi au kuigandisha hakutoshi kuua minyoo ya trikinela iliyomo katika wanyama wa porini. Ukipata homa, jasho la usiku au maumivu ya viungo wiki au hata miezi kadhaa baadaye, mwambie daktari kwamba ulichuna nguruwe-mwitu. Usipomwambia, huenda asifikirie kupima ugonjwa huo. Nyama hiyo haipimwi na mkaguzi, kwa hiyo hairuhusiwi kuuzwa, hata kwa jirani. Wala msichukue nguruwe hai kwenda naye mjini.

Miongoni mwetu wamo wasiokula nguruwe kwa imani yao. Si aibu kuuliza mapema mzoga utakwenda wapi, au kukataa kazi ya kuchuna. Vilevile si aibu kwenda pamoja na wenzako bila kushika bunduki, au kusema kwamba hutakwenda.

Ikiwa mmelipa na huduma haikutolewa kama ilivyoahidiwa, wekeni stakabadhi, picha za tangazo na ujumbe wote. Mwandikieni kwanza mwenye shamba mkitaja kiasi mnachodai na tarehe ya mwisho ya kujibu. Asipojibu, ipelekeni kesi yenu kwenye kitengo cha ulinzi wa watumiaji katika Ofisi ya Mwanasheria Mkuu wa Texas. Kulalamika hakuhitaji uraia.

Kwa hiyo, kabla ya Ijumaa ya amana, kila mmoja ajiulize mambo manne: Je, sheria inaniruhusu mimi, kwa hadhi niliyo nayo, kuishika bunduki? Je, nimeijua bei yote, nayo imeandikwa? Je, nimejifunza usalama? Je, najua nyama itakwenda wapi na itapikwaje? Akiyajibu yote, na aende kwa amani. Likibaki moja bila jibu, asubiri; nguruwe wa Texas hawana msimu wa kufungwa, nao watakuwapo mwezi ujao.