Mashahidi Wengi Angani: Muhadhara wa Ramadhani



Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, Muumba wa mbingu na ardhi. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na masahaba zake wote. Ama baada ya hayo.

Wazee wetu, akina mama, na nyinyi vijana wetu: usiku wa tarehe 10 Mei 2024 mbingu za Uingereza ziliwaka rangi ya waridi na kijani, hata huku kusini ambako mianga hiyo ni nadra. Sababu yake ilikuwa dhoruba iliyotoka kwenye jua. Jua halikomi kutoa upepo wa chembe zenye umeme, ambao kwa kawaida huenda kasi ya kilomita 400 hivi kwa sekunde. Ardhi nayo imepewa sumaku, na sumaku hiyo imetuwekea ngao ambayo wataalamu huiita magnetosfia. Upande wa jua, ngao hii hufika umbali wa kilomita 60,000 hivi. Upande wa usiku huburuta mkia unaoupita mwezi. Sehemu kubwa ya upepo ule hukengeushwa hapo.

Katika Suratul-Anbiyaa, aya ya 32, Mola wetu ametaja kuwa mbingu ni dari iliyohifadhiwa. Hatudai kwamba aya hiyo ni somo la sumaku. Elimu ya tafsiri ina watu wake. Lakini tumeamrishwa kutafakari, na jioni hii tutafakari jinsi wanadamu walivyoichunguza ngao hii, kwa kuwa njia waliyoifuata ina funzo kwetu sisi tunaoishi ughaibuni.

Pwani yetu imo katika habari hii. Mwezi wa Novemba 1971, kutoka jukwaa la Waitaliano la San Marco, baharini karibu na Malindi, ilirushwa satelaiti ndogo ya Marekani iitwayo Explorer 45, yenye uzito wa kilo 50 hivi, kwenda kuichunguza magnetosfia. Ilifanya kazi njema. Lakini satelaiti iliyo peke yake ina upungufu mmoja: nayo iko mwendoni. Ikipima sumaku yenye nguvu sasa, na baada ya saa moja ikapima iliyo dhaifu, haiwezi kujua kama sumaku imepungua au ni yenyewe iliyohama. Hali yake ni ya baharia atupaye bildi usiku akakuta kina kimepungua: hajui kama ni maji yaliyokupwa au ni chombo kilichofika juu ya fungu.

Dawa yake ni kupeleka mashahidi wengi. Nchi za Ulaya zilitengeneza satelaiti nne za Cluster, na vipima sumaku vyake viliongozwa na Imperial College ya hapa London. Tarehe 4 Juni 1996 zote nne ziliteketea pamoja na roketi yao kabla ya dakika moja kutimia. Wenyewe hawakuketi kulia. Walitengeneza nyingine, na mwaka 2000 zikaruka. Mwaka 2007 Marekani ilirusha satelaiti ndogo tano za THEMIS kwa roketi moja, kila moja ikiwa na uzito usiofika kilo 130. Mwaka uliofuata, zikiwa zimejipanga katika ule mkia, zilikata shauri la miaka mingi kuhusu vurugu zinazoiwasha ile mianga: zinaanzia wapi? Zilionesha kuwa huanzia mbali, kiasi cha theluthi moja ya njia ya kwenda mwezini, ndipo mianga ikawaka. Shahidi mmoja asingeweza kujua lipi lilitangulia.

Ndugu zetu, sisi tuliohama tunasema kila siku: watoto wamebadilika, nyumbani si kule tulikokujua. Huenda ni kweli. Lakini tumetupa bildi chombo kikiwa mwendoni. Je, ni maji yaliyokupwa, au ni sisi tuliosogea? Baba akiwa peke yake hawezi kujua, hata akiwa mkweli kiasi gani. Na kwa hukumu ya mtu mmoja, kijana hukatiwa tikiti arejeshwe Mombasa au Unguja akanyooshwe, na huenda asimsamehe mzazi wake.

Kabla ya tikiti, basi, iwepo shura. Asikilizwe mama. Asikilizwe mwalimu wake. Aulizwe mzee aliyebaki nyumbani, anayejua nako kukoje leo. Na asikilizwe kijana mwenyewe, mpaka amalize.

Tena tuangalie umbali. Satelaiti zikibanana mno, zote huona jambo moja. Zikiachana mno, kila moja huona lake. Ndiyo maana za Cluster zilikuwa zikisogezwa, mara kilomita chache, mara maelfu. Vivyo hivyo, marafiki wanne wa barza moja ni shahidi mmoja aliyesema mara nne. Naye asiyemjua kijana kabisa hana la kushuhudia.

Ewe Mola wetu, tukubalie funga zetu, tupe subira ya kusikilizana, na utuhifadhie watoto wetu popote walipo. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.