Dawa za Akili na Dawa za Kuacha Pombe

Maneno yaliyosemwa mbele ya wafanya kazi wa reli



Leo hatukuja kusema habari za mishahara. Tumekuja kusema habari za vidonge ambavyo wengi wetu huvificha chini ya godoro ili mwenzetu asivione. Sisi tufanyao kazi katika njia hii ya Mtito Andei, Kibwezi, Makindu mpaka Emali, pamoja na wale ambao nyumba zao ziko Mutomo na Ikutha katika Kitui, twajua neno lisemwalo mtu akionekana na vidonge hivyo: "Huyu ana wazimu." Basi mtu huona heri kuviacha kuliko kuonekana. Hapo ndipo hatari ianzapo.

Twataka neno moja likae vichwani: dawa ya akili haianzwi kwa kuazima ya jirani, wala haikomeshwi kwa siri. Aliyeiandika ndiye wa kuulizwa.

Kwanza, dawa hizi zataka subira. Za huzuni kubwa, kama amitriptilini na fluoksetini, si kama asprini. Nafuu huja baada ya majuma 2 mpaka 4. Mtu humeza siku 5, akapata kukauka kinywa na usingizi tu, akazitupa. Mwingine hupona akaacha siku ile ile, na ugonjwa ukarudi. Kwa kawaida mtu huendelea kumeza miezi 9 mpaka 12 baada ya kupona, kisha daktari huzipunguza kidogo kidogo. Ukisahau kipimo kimoja, usimeze viwili pamoja. Na ukienda likizo Kitui, hesabu siku zako uchukue vidonge vya kutosha.

Mtu akisema habari za kujiua, asiachwe peke yake. Apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Wala jamaa wasimfiche kwa kuogopa polisi. Januari 2025 Mahakama Kuu ya Kenya ilitamka kwamba sheria ya kumshtaki mtu aliyejaribu kujiua haipatani na Katiba.

Pili, jua letu. Haloperidoli na klorpromazini, ambazo hupewa mtu asikiaye sauti au aonaye yasiyokuwapo, zaweza kukaza shingo na taya na kutetemesha mikono. Huo si uchawi. Rudi hospitali upesi, kwa maana iko dawa ya kuuondoa. Klorpromazini tena hufanya ngozi iungue upesi juani. Vaa kofia na shati la mikono mirefu.

Anayetumia lithiamu ajihadhari zaidi. Damu yake lazima ipimwe mara kwa mara. Akitoka jasho jingi na asinywe maji, au akiharisha, dawa huzidi mwilini ikawa sumu. Na vidonge vya maumivu ya mgongo tununuavyo dukani, kama ibuprofeni na diklofenaki, huizidisha vile vile. Akianza kutapika, kutetemeka sana na kuyumba, asimeze tena, akimbilie hospitali.

Tatu, pombe. Aliyezoea kunywa kaluvu au chang'aa kila siku kwa miaka asiache ghafula peke yake nyumbani. Katika siku 2 za kwanza aweza kuanguka kifafa, na baadaye kuchanganyikiwa hata kufa. Hospitali humpa diazepamu kwa siku chache, na vitamini B1. Lakini diazepamu pamoja na pombe huweza kuzima pumzi. Na anayepewa disulfiramu ajue kwamba akionja pombe, hata siku 14 baada ya kidonge cha mwisho, moyo utamwenda mbio, atatapika, na aweza kuwa katika hatari kubwa.

Nne, kazi yetu. Dawa nyingi za namna hii huleta usingizi, hasa siku za mwanzo. Dereva wa treni, mtu wa pointi na watu wa gangi, mwambieni daktari kazi yenu na zamu zenu kabla hajaandika. Mwombeni barua ya kazi nyepesi mpaka mwili uzoee. Kupewa kazi nyepesi kwa muda si kufukuzwa. Sheria ya Kazi ya 2007, kifungu cha 5, yamkataza mwajiri kumbagua mtu kwa ulemavu au kwa hali ya akili yake. Mkubwa akisema vingine, njoo kwa mwakilishi wa tawi na barua yako.

Wala tusidhani msaada uko Mathari, Nairobi, peke yake. Katika Makueni, baada ya mwaka 2010, shirika la Profesa David Ndetei lilifundisha wauguzi, wahudumu wa vijijini, hata waganga wa mitishamba na viongozi wa dini, wapate kuwatambua wagonjwa na kuwapeleka hospitali. Ikiwa mganga wa mitishamba amekubali kumtuma mgonjwa kwa daktari, sisi wenzake wa kazini tutamchekaje?

Basi, ndugu, ukimwona mwenzako anameza kidonge chake, mpe maji.