MAZUNGUMZO: MWANASAIKOLOJIA, KUNGWI NA KINGA YA UKIMWI KWA VIJANA



Kati ya kupata elimu na kubadili mwenendo pana masafa marefu. Kuyapima masafa hayo ndiyo iliyokuwa kazi ya Leif Edvard Aarø, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Bergen, Norwei. Miaka ya 1980 alishiriki kuanzisha uchunguzi wa kimataifa wa mienendo ya afya ya watoto wa skuli. Baadaye, pamoja na Profesa Sylvia Kaaya wa Muhimbili, daktari wa maradhi ya akili, aliuelekeza ujuzi huo kwenye kinga ya UKIMWI kwa vijana wa Tanzania.

Tahadhari ilikwisha kutolewa Mwanza. Mpango wa MEMA kwa Vijana ulijaribiwa katika jamii 20 tangu mwisho wa miaka ya 1990. Matokeo ya mwaka 2007 yalionesha kuwa vijana walifahamu mengi zaidi, lakini maambukizo hayakupungua. Mpango wa PREPARE, uliojaribiwa katika skuli 38 za msingi za Kinondoni, haukumwachia mwalimu mzigo peke yake: wanafunzi waelimishaji na watoa huduma za afya walishirikishwa. Taarifa ya mwaka 2017 ilionesha kuwa vijana hao walichelewa zaidi kuanza kujamiiana.

Huko Mtwara, kuanzia Mikindani hadi Msimbati na vijiji vya mdomo wa Ruvuma, mwalimu wa kwanza wa mambo haya si wa skuli. Ni kungwi wa unyago na mkuu wa jando, ambao aghalabu huwapokea watoto wakati wa likizo. Mtoto hutoka huko akihesabiwa mtu mzima. Skuli zikifunguliwa hurudi dawatini akihesabiwa mtoto. Hapo ndipo penye hatari, wala haiondoki kwa kuutukana unyago. (Unyago wa Unguja nao una asili kwa watu wa bara ya kusini, basi Visiwani hakuna wa kucheka.) Neno la kungwi lina uzito ambao kitabu cha skuli hakina, mpango usiomshirikisha humwachia uwanja.

Tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2019, kijana wa Tanzania Bara aliyetimiza miaka 15 huweza kupima virusi bila idhini ya mzazi. Lakini wengi hutoka unyagoni kabla ya umri huo, na hao hawapimwi mpaka mzazi au mlezi aridhie.