Jibu la Zamani Lina Wenyewe: Mita za LUKU na Mabadiliko ya Programu

Iko hoja inayopendwa na wasanidi wengi: maktaba ya programu ikibadili thamani inazorudisha, inatosha kupandisha namba ya toleo na kutoa tangazo. Atakayeharibikiwa ni shauri yake. Hoja hii naikataa, na ushahidi wangu uko ukutani, katika nyumba za Mbagala zenye mita za LUKU, za umeme unaolipiwa kabla. Kila tokeni, yaani namba ya tarakimu 20 anayopewa mnunuzi wa umeme, hubeba ndani yake muda ilipotengenezwa, ili mita isikubali tokeni moja mara mbili. Hapo awali muda huo ulihesabiwa kwa dakika tangu tarehe 1 Januari 1993. Hesabu hiyo ilipewa biti 24 tu, yaani dakika 16,777,216, nazo zilikuwa zinakwisha tarehe 24 Novemba 2024. Baada ya hapo hesabu ingeanza upya kwenye sifuri, na mita ingeiona tokeni mpya kuwa ya kale na kuikataa. Sasa tazameni suluhisho. Mwaka 2024 mteja wa TANESCO aliyenunua umeme alirudishiwa makundi matatu ya tarakimu: mawili ya kubadili ufunguo wa mita na kufuta kumbukumbu ya tokeni za nyuma, la tatu la uniti zenyewe. Jibu lilibadilika, lakini kila kundi lilibaki na tarakimu 20 na liliingizwa kwa vitufe vilevile, wala hapakuhitajika fundi kuja kuing'oa mita. Namba ya toleo haikumhusu mpangaji wa Mbagala hata kidogo.

Nitaambiwa kwamba heshima ya namna hii kwa mambo ya zamani huua maendeleo. La, sisemi jibu lisibadilike kamwe. Nasema likibadilika lipige kelele. Lugha ya Python inatufundisha pande zote mbili. Toleo la 3 lilipotoka mwaka 2008, orodha ya funguo za kamusi iliacha kuwa orodha, na aliyezoea kuchukua ya kwanza kwa namba alipata kosa papo hapo. Alikasirika, akarekebisha. Lakini 5 kugawanya kwa 2, iliyokuwa 2, ikawa 2.5, na programu iliyotegemea namba kamili iliweza kuendelea kimyakimya ikikosea hesabu. Onyo lilikuwapo tangu 2001, pamoja na alama mpya ya kupata jibu la zamani. Hata hivyo Python 2 ililazimika kutunzwa hadi 2020. Gharama hiyo wanaoshabikia namba za matoleo huwa hawaitaji.

Turudi kwenye LUKU: mita inayohesabu kuanzia 2014, mwaka wa msingi unaofuata 1993 katika kiwango cha tokeni hizi, itafika ukomo uleule Novemba 2045. Wanaoandika leo programu za kuuza umeme kwa simu wasidhani jibu ni tokeni moja: waandike kwamba ni orodha, hata kama kwa miaka ishirini ijayo itakuwa na kitu kimoja tu.